Jinsi ya kuwaonyesha watu wa nyumbani "North by Northwest" bila kuwaharibia utamu

Kabla sijawa fundi friji nilikuwa mtafsiri wa picha. Simaanishi mtafsiri wa vitabu. Namaanisha yule kijana aliyekaa kando ya televisheni kwenye banda la video, maikrofoni imefungwa kwa raba ya baiskeli, anapiga kelele "Hapo stelingi anamwambia jambazi, leo ni leo!" wakati stelingi mwenyewe anaagiza chai. Ni Ngamiani, Tanga, katikati ya miaka ya tisini. Kiingereza changu kilikuwa nusu cha shule na nusu cha kubuni, na sheria ya mwenye banda ilikuwa moja: kimya kisipite. Kimya kikipita watu wanakumbuka joto, wanakumbuka benchi linauma, wanatoka.

Siku moja kwenye boksi la mikanda ya karate ukaja mkanda usio na ganda, North by Northwest, picha ya Marekani ya mwaka 1959. Mchana niliutazama peke yangu ili nijiandae, nikaupenda mpaka nikasahau kula. Usiku nikauharibu vibaya sana. Dakika ya kumi haijafika nimeshawatangazia watu siri yote: "Jamani, huyu Kaplan wanayemtafuta hayupo duniani!" Tulipofika kwenye lile tukio la ndege, ambapo kwa muda mrefu hakuna anayesema kitu, nikajaza kimya kwa hadithi zangu, nikamtungia stelingi mke na madeni. Watu wakaanza kudai kiingilio chao.

Tangu hapo nimewaonyesha watu picha hiyo mara sita, saba hivi, safari hii kwa akili. Mara ya mwisho ilikuwa barazani kwangu, nikiwa na mama mkwe, watoto, majirani watatu, na mzee mmoja mkulima wa mpunga kutoka Mombo aliyekuja mjini kwa matibabu. Nikikwambia fanya hivi, ujue nimewahi kufanya vile kwanza nikajuta. Na kama wewe mwenyewe hujawahi kuiona, ishia hapa. Nenda kaitazame, kisha urudi. Nitataja kila kitu.

Kabla ya siku yenyewe

Itazame peke yako mara mbili. Mara ya kwanza ifurahie tu. Mara ya pili kaa na kalamu, uandike kila kitu kinachosomwa kwenye kioo: barua, gazeti, maandishi ya mkono. Picha hii imejaa mambo yanayosomwa, na mtu asiyejua Kiingereza akikosa moja tu, njama nzima inamteleza.

Tafuta kopi halali, iliyo safi. Hapa sikuhubirii sheria. Kopi nyingi za kuungaunga zimekatwa pembeni, na picha hii inaishi pembeni. Ilipigwa kwa mtindo ulioitwa VistaVision, ambapo mkanda ulipita kwenye kamera kwa ubavu badala ya kushuka wima, ili kila picha moja ipate nafasi kubwa zaidi. Ndiyo maana yale mashamba makavu yanaonekana hayana mwisho. Basi usije ukachukua rimoti ukaivuta picha ijaze kioo, watu wakapoteza umbo lao. Ikiacha mistari myeusi, iache.

Mimi natumia projekta ndogo na shuka jeupe. Shuka lipigwe pasi. Nilidharau jambo hilo, na Cary Grant, stelingi wetu, akawa na mkunjo wa uso usiku kucha, wakati wenzake walimsifia kwa unadhifu. Subwufa ishushwe besi: watu hawa wanaongea haraka, tena kwa utani wa chinichini, na besi ikizidi maneno yanazama.

Inachukua dakika 136. Ukianza baada ya isha, tuseme saa mbili na robo, ukiweka na mapumziko ya chai utamaliza kwenye saa tano kasorobo. Watoto wadogo walale mchana.

Maneno ya utangulizi

Usiseme "ni ya zamani, vumilieni." Ukishasema hivyo umewapa ruhusa ya kuchoka. Usiwasomee pia wasifu wa Alfred Hitchcock, mwongozaji wake. Watoto waambie jambo moja tu: mwenye picha mwenyewe, mzee mnene, anapita kwenye picha mara moja mwanzoni kabisa, anakimbilia basi na mlango unafungwa usoni pake. Nani atamwona kwanza? Watakaa kimya kwenye majina yote ya mwanzo, na hicho ndicho unachokitaka, kwa sababu majina hayo yenyewe ni kazi ya fundi, Saul Bass. Mistari inakatizana kama wavu, halafu wavu unageuka kuwa vioo vya ghorofa la New York, na magari yanaonekana ndani ya vioo. Juu yake unapigwa muziki wa Bernard Herrmann unaokimbia kama mtu aliyechelewa treni. Usiruke hapo.

Watu wazima waeleze kitu kimoja, nacho ni telegramu. Bila hiyo hawataelewa kosa linalozaa picha nzima. Roger Thornhill ni mtu wa matangazo ya biashara. Amekaa na wenzake kwenye baa ya hoteli ya Plaza, anakumbuka kwamba mama yake hapatikani kwa simu pale alipo, anataka kumpelekea telegramu. Wakati huohuo kijana wa hoteli anapita akiita jina, "George Kaplan!", maana zamani hizo mgeni akipigiwa simu hotelini anaitwa hivyo, kwa sauti. Thornhill anainua mkono amwite yule kijana kwa shida yake mwenyewe. Mlangoni wamesimama watu wawili wanaomtafuta Kaplan. Wao wanaona nini? Jina limeitwa, mkono umeinuka.

Mimi huwaeleza hivi: uko stendi ya mabasi, wapiga debe wanapiga kelele "Arusha! Arusha!", wewe unainua mkono kujikuna kichwa. Umekwisha. Begi liko juu ya basi, tiketi inaandikwa, na ukisema mimi naenda Lushoto wanakwambia panda kwanza tutaelewana mbele. Thornhill ni huyo. Kila mtu barazani anacheka, kwa sababu kila mtu amewahi kupoteza begi kwa namna hiyo. Kisha mama mkwe akaongeza lake, jinsi alivyofikishwa Same wakati anakwenda Korogwe, na ilibidi tumsubiri amalize.

Tukio lenyewe ni la sekunde chache na wengi hulikosa. Kwa picha nzima sheria yangu ni kutorudisha nyuma, ila hapa. Rudisha mara moja, waone mkono, waone wale wawili mlangoni, endelea.

Cha kutafsiri na cha kuacha

Kosa la watafsiri wote, mimi nikiwa wa kwanza, ni kutafsiri kila kitu kwa uzito uleule. Pale wanapomnywesha Thornhill pombe kwa nguvu, wakamweka kwenye usukani kando ya bahari, kaa kimya. Mlevi anaeleweka kwa lugha zote. Lakini mama yake anapokuwa naye ndani ya lifti pamoja na wale wauaji, akawageukia na kuwauliza kama kweli wanataka kumuua mwanawe, hilo litafsiri haraka na kwa sauti ya mama wa kweli: "Hivi nyie baba zangu, ni kweli mnataka kuniulia mtoto?" Lifti nzima inacheka, wauaji nao wanacheka, na Thornhill peke yake amekauka. Akina mama barazani walishikana mabega. Ukitaka kuwachekesha zaidi waambie baadaye kwamba Jessie Royce Landis, aliyeigiza mama, alimzidi Cary Grant miaka kama saba tu.

Kuna utani wa herufi. Kibiriti cha karatasi cha Thornhill kimeandikwa R.O.T., herufi za majina yake, na kwa Kiingereza zikisomwa pamoja zinatoa neno la kuoza. Anaulizwa hiyo O katikati ni ya nini, anajibu si ya kitu. Watu wanaweza kuuona kama utani mdogo usio na haja. Utafsiri hivyohivyo, na uhakikishe wamekiona kile kibiriti. Kitarudi mwishoni na roho ya mtu itakitegemea.

Chumba cha Kaplan hotelini nacho kitazamwe vizuri. Thornhill anaingia, anakuta suti kabatini, anajipima: fupi. Anaona brashi ya nywele ina mba. Hakuna anayekumbuka kumwona mwenye chumba. Hapo usiseme lolote. Nilisema mwaka ule, nikajuta.

Kisha inakuja meza ya Washington. Thornhill amekwenda Umoja wa Mataifa, mtu amechomwa kisu mbele yake, kisu kimebaki mkononi mwake na picha yake iko gazetini. Tunahamishiwa kwenye chumba ambapo watu wa usalama wamekaa wanazungumza kwa utulivu wa kikao cha harusi. Hapa tafsiri kila neno, polepole, maana ndipo siri inapotolewa na mwenyewe: Kaplan hayupo. Ni chambo. Walimbuni ili maadui wamfukuze yeye na wasimwone mpelelezi wao halisi aliye karibu nao. Wanamhamisha kutoka hoteli hadi hoteli, mizigo inaingia na kutoka, mtu hakuna. Na sasa mwananchi asiye na hatia amevaa jina hilo, wafanye nini? Hawafanyi kitu. Wanamwonea huruma, mama mmoja pale mezani anamuaga kwa maneno, mkutano umekwisha.

Barazani kwangu kukawa na ukimya, halafu jirani akasema, "Serikali hiyo."

Kwenye banda letu kila mtoto alijua kwamba stelingi hafi. Unaweza kumtupa kutoka ghorofani, atadondokea gari la magodoro. Sasa kama hafi, kinachokukalisha kwenye benchi linalouma ni nini? Picha nyingi hujibu kwa kuongeza risasi. Hii, kuanzia meza ya Washington, inakupa jambo ambalo stelingi halijui, halafu inakuacha umtazame. Hafi, sawa. Lakini anaweza kumpenda asiyepaswa, anaweza kusafiri nusu ya nchi akimtafuta mtu ambaye wewe umeshaambiwa hayupo. Utatamani umwambie, na huwezi, naye anazidi kwenda. Ndiyo maana imekaa miaka zaidi ya sitini, wakati mikanda ya karate ya boksi lile sikumbuki hata jina la mmoja.

Treni, na mama mkwe

Anatoroka kwa treni ya kwenda Chicago na ndani anakutana na Eve Kendall, anayeigizwa na Eva Marie Saint. Wanakula meza moja, maneno yao yana moto kuliko chakula. Kuna mahali Eve anasema kwamba hajadili mapenzi akiwa na njaa. Mtazame midomo. Midomo inasema neno jingine, kali zaidi, na sauti ikabandikwa juu yake ili wakaguzi wa maadili waridhike. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu: kumbe hata Hollywood walikuwa na mtafsiri kama mimi.

Baadaye wanabusiana kwenye behewa, wakizungukazunguka ukutani, kwa muda ambao ukiwa na wakwe utauona mwaka mzima. Bandani tulikuwa tunaweka kofia mbele ya kioo. Nyumbani njia nzuri ni kuwa na kashata. Sahani ianze kuzunguka pale tu wanapofunga mlango, kila mtu ashughulike na chake. Hakuna baya zaidi ya hapo.

Lakini wewe mwenyewe usishughulike na kashata, maana mara tu baada ya mapenzi hayo inakuja karatasi. Eve ametuma ujumbe kwenye behewa jingine, kwa Vandamm, yule adui mwenye sauti laini anayeigizwa na James Mason. Umeandikwa kwa Kiingereza na unakaa kwenye kioo muda mfupi. Usome kwa sauti: "Asubuhi nimfanye nini?" Ukichelewa umepoteza. Ukiwahi, utasikia baraza zima likivuta pumzi, na mama mkwe aliyekuwa ameanza kumpenda yule binti akasema, "Mshenzi huyu."

Chai iwe Chicago. Kwenye stesheni Thornhill ananyoa ndevu kwa kiwembe kidogo cha Eve, wakati Eve yuko kwenye kibanda cha simu akichukua maelekezo ya mahali pa kukutana na Kaplan. Kamera inateleza kwenye vibanda vya simu na kumwonyesha anayezungumza naye: yule kijana wa Vandamm, Leonard. Anarudi kwa Thornhill, anampa maelekezo, wanaagana, na usoni Eve ana kitu kama majuto. Simamisha hapohapo. Mimina chai. Utaona watu wanakunywa bila kukaa sawasawa, wengine wamesimama. Mara moja niliweka chai baada ya tukio la ndege, watu wakatulia, wakashiba, wawili wakalala.

Barabarani, nyamaza

Basi linamshusha katikati ya pori la mashamba. Tunaona kutoka juu sana: barabara moja iliyonyooka, ardhi ya kahawia, mtu mmoja mwenye suti ya kijivu kama ametumwa harusini akashushwa kituo siyo. Inasemwa ni Indiana, ila ilipigwa California, upande wa Kern. Kuanzia hapo hadi mlipuko hakuna muziki hata kidogo, na maneno yote yanayosemwa unaweza kuyaandika kwenye kiganja.

Usitafsiri. Usieleze. Wala usiseme "subirini muone." Zima feni kama inapiga kelele.

Gari linatokea mbali, linakua, linapita. Kimya. Jingine linatokea upande ule, linapita. Kimya. Lori linapita na kummwagia vumbi, anajipangusa. Mikono inaingia mfukoni, inatoka. Sisi tunajua anamsubiri mtu ambaye hayupo, na hilo linafanya kila gari liwe na meno. Kisha kutoka njia ya shamba linakuja gari kuukuu, linamshusha mtu ng'ambo ya barabara, linageuka na kuondoka. Wanaume wawili, barabara katikati, wanatazamana kama wageni waliofika msibani kabla ya wenyeji. Thornhill anavuka, anamuuliza. Yule bwana anasubiri basi tu. Halafu anatazama mbali, kwenye ndege ndogo inayozunguka ikimwaga dawa.

Na hapa ndipo nilipoona faida ya kufunga mdomo. Kabla yule mtu wa kwenye picha hajasema lake, mzee wa Mombo alijisogeza mbele kwenye mkeka akasema taratibu, "Hiyo inapulizia nini? Hakuna mazao pale." Mzee amelima mpunga maisha yake yote, na kule kwao ndege ya kuua ndege anaijua, ile inayokuja msimu wa kweleakwelea. Sekunde chache baadaye yule bwana wa ng'ambo akasema kwa Kiingereza jambo lilelile: ajabu, ndege ile inapulizia dawa mahali pasipo na mazao. Sikutafsiri. Kila mtu alimgeukia mzee, halafu wakarudi kwenye shuka kwa kasi, maana basi lilikuwa limeshamchukua yule bwana na ndege imeanza kugeuka.

Yanayofuata hayahitaji mtu. Anajitupa chini, anakimbilia mahindi makavu, ndege inamfuata kwa dawa, anatoka akikohoa, anasimama mbele ya lori la mafuta na kuponea chupuchupu kati ya magurudumu, ndege inaligonga lori. Ndipo muziki unaporudi.

Watu wanasimamisha magari yao kushangaa moto. Mmoja ana pikapu iliyobeba friji. Thornhill anaiiba. Naomba radhi kwa wasiopenda mambo ya ufundi, lakini friji lile limesimama wima nyuma ya pikapu, sawasawa kabisa, na kila nikitazama nafurahi. Wateja wangu wananiletea mafriji yamelazwa juu ya bajaji, kisha wanashangaa kompresa imekufa.

Mbio za mwisho

Kuanzia hapo picha inakwenda yenyewe, nawe punguza maneno. Mnadani Chicago, Thornhill amezingirwa na watu wa Vandamm, anajiokoa kwa kuharibu mnada: anataja bei ya chini kuliko iliyokwisha tajwa, anabisha kama sanamu ni halisi, anazua ngumi mpaka polisi wamkamate. Hiyo ieleze kidogo tu. Anayejua mnada wa nguo za mitumba anajua uhuni huo.

Uwanja wa ndege, mkuu wa wale watu wa usalama, wanayemwita Profesa, anapomwelezea Thornhill habari za Kaplan, mngurumo wa ndege unafunika sauti. Msikimbilie spika. Imetengenezwa hivyo makusudi: sisi tumeshaambiwa zamani, hakuna haja ya kurudia, tunahitaji uso wake tu. Mngurumo ukipungua ndipo anapomwambia jipya: Eve ndiye yule mpelelezi wao. Mwanangu alishaanza kuchomoa waya.

Mkahawani, kwenye Mlima Rushmore uliochongwa nyuso za marais wa Marekani, Eve anapotoa bastola, kuna kituko ambacho usikiseme mara ya kwanza: nyuma yao mtoto mmoja ameketi mezani, na kabla bastola haijalia ameziba masikio. Alishachoka na mazoezi, maskini. Kionyeshe baada ya picha kwisha, na hapo warudishie nyuma mara kumi wakitaka.

Kibiriti cha R.O.T. kinarudi kwenye nyumba ya Vandamm mlimani. Thornhill ameandika ndani yake kumwonya Eve na kukitupa sebuleni kutoka juu. Soma maandishi kwa kunong'ona. Leonard anakiokota, anakiweka mezani bila kukijali, na wewe ambaye uliwaonyesha watu kibiriti hicho saa moja na nusu iliyopita utalipwa hapo.

Habari za nyuma ya pazia ziweke mwisho, kwenye kahawa. Ukizitoa mapema unawafanya watu watafute mishono. Umoja wa Mataifa ulimkatalia Hitchcock kupiga picha pale, kwa hiyo Cary Grant akiingia kwenye jengo amepigwa na kamera iliyofichwa ndani ya gari, kijasusi kabisa. Kwenye nyuso za marais pale Rushmore nako hawakuruhusiwa kufanya mapigano, zikajengwa nyuso za bandia studio. Ile nyumba nzuri ya Vandamm haikuwahi kuwepo mlimani, ni seti na michoro. Na mwandishi wake, Ernest Lehman, alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar, ila hakuipata.

Jirani aliuliza: siri iliyokuwa ndani ya ile sanamu ya Vandamm ya mnadani ni nini? Nikamwambia ni mkanda mdogo wa picha, siri za serikali. Siri gani? Haisemwi. Zinapelekwa nchi gani? Haitajwi. Alikasirika kidogo, akasema wangetaja. Mimi nadhani wangetaja ingezeeka mapema, kama gazeti. Kinachotajwa ni kitu kingine. Thornhill akijua kwamba wakubwa wanataka kumrudisha Eve kwa Vandamm, kwenye kifo, anamwambia Profesa kwamba kama kuwashinda kina Vandamm kunahitaji kuwatumia wasichana namna hiyo, basi waanze kujifunza kushindwa vita baridi kadhaa. Hilo nililitafsiri neno kwa neno, na jirani yuleyule aligonga sakafu kwa kiganja.

Mama mkwe alimsamehe Eve. Watoto walikuwa wanabishana nani alimwona mnene wa basi kwanza. Mzee wa Mombo alivaa ndala zake polepole, akanishika mkono wa kuniaga, halafu akasimama mlangoni.

"Mwanangu," akasema, "zile suti za yule asiyekuwepo. Nani amebaki nazo?"

Nimeitazama tena mara mbili tangu siku ile, nikizitafuta.